Onyo kwa Mwenye Moyo Dhaifu

Leo twataka kulifikiri neno moja gumu: Je, ni haki kumwonya mtu juu ya hatari, hali twajua ya kuwa wengi waonywao hatari hiyo haitawafikia?

Tutwae mfano wa moyo. Mshipa uulishao moyo ukizibika, sehemu ya nyama yake hufa, pakabaki kovu. Umeme wa moyo haupiti sawasawa katika kovu. Pengine huzunguka papo hapo, moyo ukaenda mbio, kisha ukatetemeka tu pasipo kusukuma damu. Mtu asiposaidiwa upesi, hufa kwa dakika chache.

Madaktari hutaka kumjua mtu huyo mapema. Kipimo chao kikubwa ni kutazama sehemu ya damu itokayo katika chumba cha chini cha kushoto kwa kila pigo. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu. Mwaka 1980, huko Baltimore, Marekani, chombo cha umeme alichokifikiri Michel Mirowski kilitiwa mara ya kwanza mwilini mwa mtu, ili kiyarudishe mapigo yakiharibika. Na mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 1,232 waliokuwa na makovu hayo, ambao mioyo yao ilitoa sehemu 30 katika 100, au chini yake. Kwa muda wa miezi 20 hivi, katika kila watu 100 wasio na chombo walikufa kama 20. Wenye chombo, kama 14.

Iangalieni hesabu hiyo. Sita wameokolewa, nasi twafurahi. Lakini kama 80 wangaliishi muda ule hata bila chombo. Nao wamebeba hofu na gharama, na wengine hupigwa na umeme pasipo sababu. Tena wengi wafao ghafula kwa moyo, kipimo chao hakikuwa chini hivyo.

Basi, je, daktari amewadanganya wale 80? Hapana. Mlinzi wa shamba asikiapo majani yakitikisika usiku, hajui kama ni nguruwe au ni upepo. Akinyamaza mpaka ajue, mahindi yamekwisha. Kosa si kuonya. Kosa ni kulitwaa neno la watu mia na kumwambia mtu mmoja, “Utakufa,” au, “U salama.” Lililo kweli ni hili: “Katika mia walio kama wewe, wachache chombo kitawaokoa, wewe u katika kundi gani, sijui.”

Akiisha kuambiwa hivyo, uchaguzi ni wake mgonjwa. Mzee akikikataa chombo, tusiseme ameudharau uhai. Na kijana akikitaka, tusiseme ni mwoga. Nasi tuwatembeleao wagonjwa, tusiizidishe hesabu ili kutisha, wala tusiipunguze ili kufariji. Tuketi naye, tumsikilize, maana yeye si mia, ni mmoja.