Betri ya Kola na Haki ya Mbwa Aliyetumwa

Mbwa wa kazi anapoachiwa kuingia msituni au kushuka ndani ya shimo la mbweha, humtoka bwana wake machoni, na tangu hapo usalama wake huwa mikononi mwa kifaa kidogo kilichofungwa shingoni, yaani kola inayotoa mawimbi yanayopokewa na chombo alichoshika mwenye mbwa. Nchini Uingereza mbwa wadogo wa aina ya terrier hutumwa chini ya ardhi kwa ajili ya kuwalinda ndege wanaofugwa ili wawindwe kwa bunduki, na sheria ya 2004 inayotumika England na Wales inaruhusu mbwa mmoja tu kuwamo shimoni kwa wakati mmoja. Mbwa huyo akinaswa kati ya mizizi au akifukiwa na udongo, mchimbaji asiyepata mawimbi hajui apige sepetu wapi. Nchini Marekani, mbwa wanaofukuza rakuni usiku au dubu mchana hukimbia kilomita nyingi kupita upeo wa masikio, na hufuatiliwa kwa kola zinazopokea ishara za setilaiti. Kola zote hizi huishi kwa betri, na betri huchakaa kabla ya kola na mara nyingi kabla ya mbwa mwenyewe, ndipo mwenye mbwa anapoanza kutafuta ya bei nafuu. Linalohitaji kuchunguzwa hapa ni iwapo gharama hiyo ni ya chombo, ambayo mtu ana hiari ya kuibana kama anavyobana gharama nyingine za nyumbani, au ni sehemu ya deni ambalo mnyama anamdai.

Katika fiqhi, yaani elimu ya hukumu za matendo katika Uislamu, lipo jina la deni la namna hii: nafaka, kwa maana ya matumizi ya lazima ambayo mtu hudaiwa kwa ajili ya walio chini ya ulinzi wake, wakiwamo wanyama. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyezaliwa Damascus na kufariki Kairo mwaka 1262, alizitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu katika kitabu chake cha kanuni za hukumu, na miongoni mwazo akaweka kuwatolea matumizi hata wanapozeeka au kuugua kiasi cha kutotarajiwa faida yoyote kwao, kutowatwisha wasiyoyaweza, na kutowakusanya na chochote kitakachowaumiza, kiwe cha jinsi yao au cha jinsi nyingine. Sharti hili la mwisho, lisemwe waziwazi, linaitia shakani kazi ya kumshusha mbwa akabiliane na mbweha gizani, japo Qurani yenyewe, katika Sura ya al-Maida aya ya 4, imehalalisha windo linaloletwa na wanyama waliofunzwa. Hata kama kazi yenyewe itakubaliwa, swali la betri linabaki palepale.

Msimamo wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, una jambo ambalo huenda likamshangaza anayedhani kwamba mbwa, kwa kuwa kwao ni mnyama mwenye najisi nzito, hana heshima. Mbwa kwao hauziki: biashara yake haisihi, kwa hiyo hana bei inayotambuliwa na sheria. Hata hivyo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga au wa kulinda shamba huhesabiwa kuwa mnyama mwenye kuheshimiwa uhai wake, na msafiri mwenye maji kidogo anaruhusiwa kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya kutawadha, ili maji yabaki kwa mnyama wa namna hiyo mwenye kiu. Yakiwekwa pamoja, mambo haya mawili yanaivunja hoja inayosikika mara kwa mara kwa wawindaji, kwamba hakuna maana ya kumnunulia mbwa wa thamani fulani betri ya thamani inayokaribiana naye. Asiye na bei hawezi kupimwa kwa bei. Na ikiwa maji ya ibada yanasogezwa kando kwa ajili ya uhai wake, ni vigumu kuona kwa nini fedha ya betri isisogezwe.

Katika falsafa ya Ulaya, Immanuel Kant aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa katika uzee wake, lakini akalijenga fundisho hilo juu ya mwanadamu: anayemtendea mnyama ukatili huufanya moyo wake mgumu, na mwishowe huwatendea watu vivyo hivyo. Hoja hii inamfaa mkatili, ila inamponyoka mzembe. Mtu anaweza kumpenda mbwa wake, akamlaza ndani, akamfuta matope kila jioni, na bado akamtuma shimoni na betri iliyokwisha kwa sababu hakujishughulisha kuipima; moyo wake haukuwa mgumu hata kidogo, lakini mbwa amekufa. Kwa sababu hiyo njia ya Ibn Abd al-Salam ina nguvu zaidi katika suala hili, kwani haki hudaiwa hata kwa mtu mwema.

Hapa mambo ya ufundi yanaingia ndani ya hukumu yenyewe. Betri ndogo za duara, kama zile za saa, zipo za alkalini zinazoandikwa LR44 na zipo za oksidi ya fedha zinazoandikwa SR44; zote zina kipenyo cha milimita 11.6 na unene wa milimita 5.4, huingia katika tundu moja bila ubishi, na za alkalini ndizo rahisi kwa bei. Volti ya alkalini hushuka kadiri inavyotumika, ilhali ya oksidi ya fedha hushikilia takriban volti 1.55 karibu mpaka mwisho, kisha huporomoka ghafla, kwa hiyo kila moja ina namna yake ya kumhadaa asiyeandika tarehe aliyoiweka. Kwa vifaa vya zamani vilivyobuniwa kutumia betri za zebaki, ambazo Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kuanzia 2000, mbadala mmojawapo ni betri ya zinki-hewa, itumikayo katika vifaa vya kusaidia kusikia. Nayo haifanyi kazi bila oksijeni, hivyo anayeitia katika kola iliyozibwa dhidi ya maji ameinyima pumzi. Katika seli za lithiamu-ioni, zinazoendesha kola za setilaiti, udanganyifu umo katika maandishi yenyewe: seli ya umbo la 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, huuzwa ikiwa imeandikwa mAh 9,900, yaani kipimo cha chaji inayobebwa, ilhali seli nzuri za ukubwa huo hubeba takriban 3,500.

Urahisi wa bei, basi, si kosa. Seli nafuu iliyochajiwa ikajaa, kola ikawashwa mezani, na saa ya kuwashwa na ya kuzimika zikaandikwa, inaitimiza haki ya mbwa sawasawa na ya kiwandani iliyo ghali. Na seli ghali isiyopimwa haiitimizi. Maandishi ya kwenye ganda humpa mtu dhana tu, na dhana haitoshi pale ambapo uhai wa mwingine ndio unaowekwa rehani. Sehemu ya mzigo, kwa haki, ni ya watengenezaji wanaoziba betri ndani ya kola isiyofunguka. Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vidogo, isipokuwa vichache vilivyotajwa, ziweze kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe.

Inaweza kupingwa kwamba wawindaji wa kale hawakuwa na betri, na hakuna aliyewahesabu kuwa wadhalimu. Wawindaji wa bonde la Kongo huwafunga mbwa wao wa aina ya basenji, ambao hawabweki kama mbwa wengine, kengele za mti shingoni, na kengele hiyo hujulisha alipo mbwa bila waya wala chaji. Lakini mwenye kengele humfuata mbwa kwa kadiri masikio yanavyofika, na akiacha kuisikia hujua papo hapo kwamba amempoteza. Kola humtia mtu ujasiri wa kumtuma mbwa mbali zaidi na chini zaidi kuliko ambavyo angethubutu bila kola, hivyo ikizimika njiani, mbwa amekwisha kufikishwa mahali ambapo asingefikishwa.

Anayejitetea kwamba hana uwezo wa kununua betri atofautishe mambo mawili. Kwa hijja, uwezo ni sharti la wajibu, na asiyeweza hana lawama. Kwa betri, uwezo ni sharti la ruhusa: asiyeweza kuinunua hakulazimishwa kuinunua, ila hana tena idhini ya kutuma. Mwenye mbwa wawili na betri moja iliyothibitishwa kwa kupimwa atamtuma mmoja, na wa pili atabaki na kamba shingoni hata kama ndiye hodari zaidi na msimu unakaribia kwisha. Windo litakalokosekana siku hiyo lihesabiwe katika nafaka yake.