Malipo ya Mwenye Kuuguza Wagonjwa wa Saratani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, sisi tukaao Kenol twakaa njia panda. Hapa ndipo njia ya Murang'a inapoachana na njia kuu iendayo Sagana, Karatina na Nyeri. Kila siku, baada ya sala ya alfajiri, twaona magari yakiteremka kwenda Thika na Nairobi, na miongoni mwa abiria wamo wagonjwa wa saratani waendao kutafuta matibabu. Maradhi haya yahesabiwa kuwa ya tatu kwa kuua watu katika Kenya, baada ya maradhi ya kuambukiza na maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wagonjwa wapya walizidi 44,000 na waliokufa walizidi 29,000.

Limetokea jambo katika darasa letu lililotulazimisha kuandika. Binti mmoja aliyemaliza shule na kufaulu vyema alimwomba baba yake ruhusa ya kusomea uuguzi, ili awahudumie wagonjwa wa saratani. Baba alikataa, na wazee kadhaa wakamwunga mkono. Alitoa hoja tatu: kwamba haifai binti wa Kiislamu kufanya kazi hiyo, kwamba wagonjwa hao wengi hufa, basi faida iko wapi, na kwamba hapana malipo ndani yake ila uchovu. Twazijibu hoja hizi kwa heshima, kwani mzee huyo ni ndugu yetu na anamtakia mwanawe kheri.

Hoja ya kwanza yajibiwa na sira ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijria (627), Saad bin Muadh alipigwa mshale mkononi. Mtume aliamrisha awekwe katika hema ndani ya msikiti wake, apate kumzuru kwa karibu. Wapokezi wa sira wameeleza kwamba hema ile ilikuwa ya bibi mmoja, Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Ikiwa Mtume aliliridhia hilo ndani ya msikiti wake, sisi ni nani tuone haya kwa niaba yake?

Tena tuitazame kauli yetu wenyewe. Twasema wanawake wetu wasitazamwe na wanaume, kisha twawazuia binti zetu wasijifunze kuwatazama wanawake. Basi nani atawatazama? Twamjua mama mmoja aliyeona uvimbe katika titi lake akauficha kwa haya. Alinyweshwa kombe baada ya kombe na kufungwa hirizi, akaambiwa amerogwa. Alipofikishwa hospitali, uvimbe ulikuwa umekwisha kuwa kidonda. Lau angalikuwako binti mmoja wa mtaani mwake mwenye elimu hii, huenda mama yule angalimfunulia siri yake mapema. Mtume ametuamrisha kutafuta dawa, na kusoma dua hakumzuii mtu kufika kwa tabibu.

Ama hoja ya pili, kwamba wagonjwa hufa, jawabu lake ni Saad huyo huyo. Jeraha lake lilifumuka, naye akafa. Je, yuko aliyesema kuwa kazi ya Rufaida ilipotea bure? Kuponya ni kwa Mwenyezi Mungu. La mja ni kuhudumia, na kwa hilo ndilo atalipwa. Na si kweli kwamba wote hufa. Saratani ya titi na ya mlango wa uzazi, zikigunduliwa mapema, hutibika kwa wengi. Na muuguzi ndiye mara nyingi apimaye na kuonya kwanza. Tangu mwaka 2019 wasichana wa Kenya hudungwa chanjo ya kuikinga hiyo ya pili.

Na yule asiyetarajiwa kupona, je, aachwe? Muuguzi aliyesoma humpa mofini ya kunywa kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga tumbo. Kidonda kinachonuka hukisafisha na kukinyunyizia dawa ya kuondoa harufu, hata watoto wa mgonjwa wakaweza kukaa karibu naye tena. Asiyezidiwa na maumivu huweza kusali, kuusia, kusameheana na watu wake, na kuitamka shahada. Katika Uganda, tangu mwaka 2004, wauguzi waliosomea kazi hiyo wameruhusiwa na sheria kuwaandikia wagonjwa mofini wenyewe. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Nyeri nayo ina hospisi yake.

Hoja ya tatu ni ya malipo. Mshahara wa kazi hii ni halali, ingawa jasho lake ni jingi. Lakini katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imamu Muslim, twajulishwa kwamba Siku ya Kiama mja ataulizwa kwa nini hakumzuru Mola wake alipougua. Atakaposhangaa, ataambiwa kwamba lau angalimzuru mja mgonjwa, angalimkuta Mola wake kwake. Ikiwa hayo ni ya mwenye kuzuru kwa saa moja, yakoje ya mwenye kukesha kila usiku?

Ndugu zetu, elimu hii ni faradhi ya kutosheleza: wakiisimamia baadhi yetu, wengine wamesamehewa, wasipopatikana wa kutosha, dhambi ni yetu sote. Vyuo vya utabibu viko karibu, Murang'a, Thika na Nyeri. Kwa hiyo darasa letu limeanza mchango wa karo. Binti yule angali akingojea jawabu la baba yake, nasi twamwomba mzee wetu asimcheleweshe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kuhudumia. Amin.