Dawa na Nia ya Mwenye Kuitoa

Barazani kwetu Pemba hupita suala moja kila anapotajwa daktari wa kigeni: je, amekuja kwa ajili yetu au kwa ajili ya wale waliomtuma? Suala hili si la chuki. Wengi wetu kisiwani ni Waislamu, na mzee anayesikia kwamba padri na daktari wametoka nyumba moja ana haki ya kujiuliza bei ya dawa anayopewa bure.

Nchi yetu inatupa mifano miwili. Leader Stirling, daktari mpasuaji wa Kiingereza, alifika Tanganyika mwaka 1935 kwa njia ya misheni ya UMCA, akafanya kazi Lulindi, huko Masasi. Hakurudi kwao kuishi. Alichukua uraia, akawa Waziri wa Afya tangu 1975 hadi 1980, akafariki mwaka 2003 akiwa Mtanzania. Mfano wa pili ni madaktari wa China, walioanza kuja Zanzibar mwaka 1964, na ambao watu wa Mkoani wanawajua vyema katika hospitali ya Abdulla Mzee. Hawa hawakuleta dini. Walitumwa na serikali yao, na kundi moja likimaliza muda wake hurejea, likaja jingine. Yule alitumwa na kanisa, hawa na dola. Hakuna aliyekuja bila ya kutumwa.

Basi tuseme wema wao una ila? Sioni hivyo. Nia ni siri baina ya mtu na Mola wake, na mgonjwa aliye mahututi hana wakati wala uwezo wa kuipima. Awezalo kulipima ni moja: je, anayeikataa dini ya daktari, au siasa ya waliomtuma, hupata dawa ile ile kwa mkono ule ule? Akipata, hiyo ni sadaka. Akinyimwa, hiyo ilikuwa biashara, hata kama bei haikutajwa.

Tukishampima mgeni, haki inatutaka tujipime na sisi. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi waliniambia wanataka kuwa madaktari. Ni wachache niliowasikia wakisema wanataka kuwa madaktari wa Micheweni. Simlaumu kijana anayetafuta mshahara Unguja, Dar es Salaam au Maskati, kwani ana wazee wa kuwatunza. Lakini jamii ambayo watoto wake hawataki kwenda Micheweni kwa nia yoyote ile haina uso wa kumhoji mgeni aliyekwenda kwa nia yake.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Msemo huo humfunza mtendaji asingoje shukurani. Mimi nauona unatugusa na sisi tunaobaki: mtendaji akishakwenda zake, nani ataishika kazi? Deni letu kwa watu hawa halilipwi kwa kuingia dini yao, wala kwa kuwasifu. Hulipwa pale mgonjwa wa Micheweni anapopokewa na daktari aliyesoma skuli ya Micheweni.