Mzee wa Bunda na Jina la Butiama

Tarehe 2 Novemba 2014, Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mdahalo pale Ubungo Plaza, Dar es Salaam, Jaji Joseph Warioba aizungumzie Katiba Inayopendekezwa. Hakumaliza. Mabango yaliinuliwa, kelele zikapanda, vurugu zikazuka. Mzee wa miaka 74, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu na Waziri Mkuu, akalazimika kuondolewa ukumbini.

Vijana wa Mara mnaobishana siasa vijiweni, Musoma hadi Bunda, lisomeni tukio hilo kwa makini, maana ubishi wenyewe ni wa nyumbani kwenu. Warioba ni mzaliwa wa Bunda, na Tume ya Mabadiliko ya Katiba aliyoiongoza ilipendekeza serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, badala ya mbili. Aliyezipinga serikali tatu kwa nguvu zote alitoka Butiama. Mwaka 1993 wabunge wa kundi la G55 walipodai serikali ya Tanganyika na Bunge likawakubalia, Mwalimu Nyerere, akiwa keshastaafu, aliingia uwanjani kwa hoja. Alikutana nao, akasema, kisha akaandika kitabu: Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichotoka 1994. Ni kikali, hakimwonei mtu haya, lakini kinampa msomaji nafasi ya kumjibu ukurasa kwa ukurasa.

Waliompinga Warioba nao walikuwa na la kusema. Tume ilieleza kuwa kwa upande wa Tanzania Bara, asilimia 61 ya waliozungumzia muundo wa Muungano walitaka serikali tatu. Machi 2014, akilihutubia Bunge Maalumu la Katiba, Rais Kikwete alihoji: hao waliozungumzia muundo ni wangapi kati ya wote waliotoa maoni? Swali zito hilo, na lilistahili kujibiwa hadharani na Tume yenyewe. Gharama za serikali ya tatu, vilevile.

Badala yake wengi walitosheka na jibu moja: Mwalimu alikataa. Kwao, aliyefikiri tofauti na Mwalimu alikuwa amemsaliti. Naliona hilo kuwa dhuluma kwa wazee wote wawili. Warioba alinyimwa kusikilizwa, na Nyerere akageuzwa kufuli la midomo ya watu, yeye aliyejipa kazi ya kuandika ili awashawishi.

Waliofika Ubungo wakitaka kupima hoja za Jaji walirudi makwao bila hoja wala majibu yake. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 iliahirishwa, Katiba ya 1977 ikaendelea kutumika, na waliopiga kelele siku ile hawakuwa wamemshawishi yeyote kuhusu serikali mbili.