Kiumbe Kisicho na Faida

Msafiri atokaye Nzega kwenda Tabora hufika Puge akiwa karibu katikati ya safari yake. Zamani za misafara wapagazi walivuka mapori ya Unyamwezi wakichukua pembe za ndovu kuelekea pwani. Leo kuna barabara ya lami, na mabasi hayakawii. Lakini apitaye wakati wa mvua aweza bado kuona, kando ya barabara za Tabora, vitu ambavyo msitu wa miyombo huwapa watu bila kupandwa na mtu: uyoga katika mabeseni na asali katika chupa. Twataka leo kusema habari za msitu huo, au tuseme wazi zaidi, habari za deni letu kwake, kama deni lipo.

Wataalamu wa siku hizi wametupa neno bioanuwai. Maana yake ni wingi wa aina za viumbe, miti na nyasi, wadudu na ndege, hata vile visivyoonekana kwa macho, pamoja na namna vinavyotegemeana. Neno ni jipya, bali swali lililomo ndani yake ni la kale: kiumbe kisichotufaa kitu, je, kina haki ya kuwapo? Yuko atakayejibu upesi, «Na kipotee, nani atakililia?» Tusimcheke mtu huyo. Mwenye watoto sita na ekari tatu hana kosa akiuliza kila kitu kilichosimama shambani mwake kinamletea nini.

Jibu analopewa kila siku ni kwamba kila kiumbe kina faida, ila hatujaijua. Jibu hilo lina kweli kubwa, na uyoga ni shahidi wake. Mtundu na myombo humea katika udongo mkavu usio na rutuba nyingi. Vyawezaje? Chini ya ardhi, mizizi ya miti hiyo imefungamana na nyuzi nyembamba za uyoga. Nyuzi huitafutia miti maji na chumvichumvi za udongo, na miti huzilipa kwa chakula kinachotengenezwa na majani yake juani. Kile tukiokotacho baada ya mvua ni tunda tu la mapatano hayo yaliyofichika. Ukata mti, mshirika wake hufa njaa, na mama aliyezoea kuuza uyoga hapo harudi na kitu. Aina nyingine za uyoga hulimwa na mchwa ndani ya vichuguu vyao. Nani kati yetu alimhesabu mchwa kuwa mkulima? Twamjua kwa kula nguzo za nyumba tu.

Hata hivyo jibu la faida halitoshi. Likitosha, basi siku tutakapopata kiumbe chenye madhara matupu tutakuwa na ruhusa ya kukifuta duniani. Na nchi hii imekwisha kujaribiwa kwa swali hilo hasa.

Twasema habari za mbung'o. Mdudu huyu huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Wakati wa utawala wa Kiingereza idara ya utafiti wa mbung'o iliwekwa Shinyanga chini ya C. F. M. Swynnerton, na vita ikapigwa kwa moto na kwa shoka. Pori lilifyekwa maeneo makubwa ili mbung'o akose kivuli. Na katika miaka ya 1940 wanyama wa porini wakapigwa risasi kwa maelfu, huko huko Shinyanga, ili akose damu. Watu na ng'ombe wakapata nafasi ya kuishi. Hatuna ulimi wa kuwalaumu waliofanya hivyo. Aliyepata kumwona mgonjwa wa malale akisinzia mpaka kufa hawezi kuwalaumu. Lakini kilichofuata chafaa kukumbukwa. Nchi iliyofyekwa iliendelea kufyekwa kwa ajili ya pamba, mifugo na kuni, hata mwaka 1986 serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kuirudishia miti ile ile. Ndipo watu wakaonekana wenye akili wale wazee waliokuwa na ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, kisha ikafunguliwa wakati wa kiangazi kwa ndama na ng'ombe wa kulimia. Visiki vya zamani vilichipua vyenyewe mara vilipoachwa. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilizofufuka zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta, na si kwa sababu ya miche ya serikali tu, bali kwa sababu mikutano ya vijiji ilimtoza faini aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati.

Kwetu sisi, basi, haki ya kujilinda na ruhusa ya kuangamiza ni vitu viwili. Nuhu mwenyewe hakuambiwa achague wanyama walio safi na kuwaacha wengine majini. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vina thamani yao wenyewe mbele ya Mungu, mbali na matumizi yetu. Tukilikubali hilo, mzigo wa kutoa sababu unahama: asiye na haja ya kujieleza ni mti, na mwenye kujieleza ni mwenye shoka.

Lakini mwenye shoka ni nani? Hapa twaomba msomaji asiwe mwepesi wa kunyosha kidole. Tabora ni nchi ya tumbaku. Zao hili lilishika mizizi Urambo baada ya ule mpango mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947, kuvunjika mwaka 1951. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, na moto huo hula kuni za miyombo kila msimu. Tena udongo ukichoka, shamba jipya hufunguliwa porini. Mkulima amekopeshwa mbolea kupitia chama chake cha ushirika, naye ana sare za shule za kununua. Je, huyu ndiye mkosaji wetu?

Tukumbuke mpagazi. Alibeba pembe begani miezi mingi, akapata vitambaa na shanga. Ndovu wa nchi za karibu wakapungua, hata wafanyabiashara kama Tippu Tip wakavuka ziwa Tanganyika kwenda kuzitafuta pembe Manyema. Pembe zenyewe zilikuwa zikiendea vinanda na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Mpigaji kinanda hakupata kumwona ndovu aliyekufa, wala hakujiona ana hatia. Vivyo hivyo avutaye sigara leo katika mji wa mbali haoni bani. Twaona kosa limegawanyika, na fungu kubwa si la yule aliye karibu na mti. Mkulima hasafishwi kabisa kwa neno hili. Apandaye miti ya kuni afanya vema, ijapokuwa tusidanganyane kwamba shamba la mikaratusi ni msitu. Hata mrina asali, tumpendaye sote, huua mti mzima anapouchuna gome kutengeneza mzinga mmoja, hali mbao za gogo moja zingempa mizinga kadha wa kadha.

Kila mtu basi apimwe kwa uwezo wake wa kuchagua. Mrina asali aweza kubadili mzinga mwaka huu huu. Kijiji chaweza kufunga ngitili na kuilinda. Lakini mkulima wa tumbaku hawezi peke yake kuliacha pori lake bila kulima, maana mkopo wa mbolea haungojei visiki vichipue. Bei anayolipwa kwa kilo haikumhesabia mti hata mmoja, na wanaoipanga bei hiyo ndio wa kuulizwa kwanza.