Ajali na Kinga: Juu ya Wajibu wa Kuondoka Maji Yanapokuja

Al Mintirib, mji mkuu wa wilaya ya Bidiyah nchini Omani, umekaa pale mchanga unapokutana na mitende. Upande wa kusini huanza matuta ya mchanga ya Sharqiyah, ambayo wengi bado huyaita kwa jina la zamani la Wahiba. Mbali kaskazini imesimama milima ya Hajar ya Mashariki, na kati ya milima na mchanga umelala mkondo wa Wadi Batha. Kwa siku nyingi za mwaka wadi hii ni njia ya kokoto tu: mbuzi hupita na magari huikata bila dereva kupunguza mwendo. Lakini maji yake hayategemei mawingu yaliyo juu ya mji. Hutoka milimani, huko mvua inapopiga mwamba usioweza kuyanywa, kisha huteremka kwa kasi, yakibeba mawe, miti na chochote kilichosimama njiani. Mtu anaweza kuwa chini ya mbingu nyeupe, vumbi likiwa bado miguuni, na mafuriko yakamkuta hapo alipo.

Hali hiyo huzaa swali la maadili ambalo si jepesi kama linavyoonekana. Mtu anapoambiwa aondoke kwa sababu ya hatari asiyoiona kwa macho yake, ana wajibu gani, na anawajibika kwa nani? Duniani swali hili limeulizwa zaidi miaka ya karibuni kuhusu moto wa nyika, unaokimbia na upepo na kuziba barabara kabla watu hawajafunga mizigo. Bidiyah haina misitu ya namna hiyo. Ina wadi, na wadi inafanana na moto katika jambo moja kubwa: muda inaoutoa ni mfupi kuliko muda ambao binadamu huhitaji ili kushauriana.

Tarehe 14 Aprili 2024, siku za kwanza baada ya Idi, mvua kubwa iliinyeshea Omani. Huko Samad al-Shan, katika wilaya ya Al Mudhaibi, mkoa uleule wa Kaskazini Sharqiyah ambao Bidiyah ni sehemu yake, maji ya wadi yalilichukua gari lililokuwa na wanafunzi. Watoto wapatao kumi walifariki. Nchi nzima ilizizima. Katika nyumba za Sharqiyah kulikuwa na maombolezo kwa Kiarabu, na katika nyingi pia kwa Kiswahili, kwa kuwa familia nyingi za huko zina historia ya Unguja, Pemba na Mrima, na wengi wao walirudi Omani baada ya mapinduzi ya 1964, au baada ya 1970 milango ilipofunguliwa. Na katika maombolezo ya Kiswahili kuna methali ambayo haikosi kutajwa: ajali haina kinga.

Methali hiyo inastahili kusikilizwa kwa makini, kwani ndani yake lugha mbili zinazungumza kwa wakati mmoja. Kwa Kiarabu, ajali ni muda uliowekwa, kikomo cha uhai ambacho Mwenyezi Mungu amekiandika na ambacho hakitangulizwi wala hakicheleweshwi. Kwa Kiswahili cha leo, ajali ni gari lililopinduka, mtumbwi uliozama, ukuta ulioanguka. Methali ikichukuliwa kwa maana ya kwanza inasema jambo ambalo Mwislamu hawezi kulikataa: hakuna ngao dhidi ya siku iliyoandikwa. Ikichukuliwa kwa maana ya pili inasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili analikataa kila siku kwa matendo yake, anapofunga mkanda wa gari au anapoukagua mtumbwi kabla ya kuutia majini. Tatizo la kimaadili huanza pale maana ya kwanza inapoazimwa kuitetea ya pili, faraja ya mfiwa ikageuzwa udhuru wa mzembe.

Mapokeo ya Kiislamu yenyewe yalikwisha kulijibu jambo hili mapema. Khalifa Umar alikuwa safarini kuelekea Sham alipopata habari kwamba tauni imezuka huko. Alishauriana na watu wake, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu la Umar, kama lilivyopokelewa, ni kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na mfano alioutoa ulikuwa wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika wadi yenye kingo mbili, moja ya majani na moja kavu. Popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari ya Mungu. Mfano huo hauondoi kadari. Unauondoa tu uongo kwamba kadari iko upande mmoja wa wadi, ule wa anayekaa, na kwamba anayeondoka ameitoroka. Kuondoka nako kumeandikwa.

Kuna jambo la pili ambalo historia inalifundisha. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuharibu merikebu za Sultani Barghash. Hakuna aliyeweza kulaumiwa siku ile kwa kutokuonya, maana hakuna aliyejua. Kimbunga Gonu kilipoikaribia Omani mwezi Juni 2007, hali ilikuwa nyingine kabisa: njia yake ilifuatiliwa kwa setilaiti, na watu wa kisiwa cha Masirah waliamriwa kuhama kabla hakijafika. Hata hivyo karibu watu 50 walifariki nchini. Mpaka kati ya ajali na uzembe, basi, hausimami mahali pamoja. Maarifa yanapoongezeka, eneo la ajali hupungua na eneo la wajibu hupanuka. Neno lililokuwa kweli kwa mzee wa 1872 linaweza kuwa kisingizio kwa mjukuu wake mwenye simu mkononi.

Lakini kujua kwa njia ya simu si sawa na kujua kwa macho, na hapa ndipo ugumu wa wadi unapojitokeza. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Katika Al Mintirib macho ni shahidi mbaya. Aliyeko mjini anaona kokoto kavu. Anayejua kwamba maji yako njiani ni mtu wa juu, kijijini karibu na mlima, au mtaalamu aliyeketi mbele ya rada huko Maskati, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Anayetakiwa kuondoka anatakiwa kuuamini ushahidi wa mtu mwingine dhidi ya ushahidi wa macho yake mwenyewe. Hilo ni ombi zito. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoliitikia kama hajapewa sababu ya kumwamini anayeomba.

Anayeonya, kwa hiyo, naye ana deni. Mafuriko yakitabiriwa yasije, mwenye duka amepoteza mauzo ya siku, mkulima ameacha maji ya zamu yake, mama amewahamisha watoto na mgonjwa bure. Mara ya pili atasita. Wapo wanaohitimisha kwamba afadhali kuonya kwa uchache ili onyo lisichakae. Hoja hiyo inakosea kuhusu onyo lenyewe. Onyo la kweli haliahidi kwamba maji yatakuja. Linaeleza yanayojulikana sasa na jinsi yalivyo mazito. Mwonyaji huwa mwongo pale tu anapojua zaidi au kidogo kuliko anavyodai. Akisema wazi kiasi cha ujuzi wake, na baadaye akarudi kueleza kwa nini maji hayakufika, imani ya watu haipungui. Kinachoichakaza ni ukimya baada ya onyo lisilotimia.

Na onyo lazima lieleweke. Tarehe 8 Agosti 2023 moto uliokokotwa na upepo mkali uliuteketeza mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, Hawaii, na kuua watu takribani 100. Ving'ora vya kisiwa havikulizwa. Afisa aliyehusika alieleza kwamba wakazi wamezoea kuvihusisha na tsunami, hivyo aliogopa wangekimbilia milimani, ndiko moto ulikokuwa. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo, lakini yanafichua jambo ambalo kila mamlaka ingelitafakari: sauti ambayo haijafundishwa maana yake kabla ya siku ya hatari, siku hiyo haina maana.

Sasa anabaki yule aliyeonywa, akaelewa, akaamini, na bado akachagua kubaki. Je, ana haki? Australia ilijaribu kumheshimu mtu huyu. Kwa miaka mingi sera ya huko kuhusu moto ilimwachia mwenye nyumba achague: aondoke mapema, au ajiandae, abaki na kuilinda nyumba yake. Tarehe 7 Februari 2009 moto wa jimbo la Victoria uliua watu 173, wengi wao ndani ya nyumba au karibu nazo, na tume ya uchunguzi ikaitaka sera hiyo ifanyiwe marekebisho. Heshima kwa uhuru wa mtu ni jambo jema, ila sera ile ilimfikiria mtu mzima mwenye nguvu, gari na mpira wa maji, aliyeamua peke yake juu ya nafsi yake. Watu wa namna hiyo ni wachache kuliko sera zinavyodhani.

Dereva anayeingia wadi iliyojaa kwa nadra huwa peke yake. Sheria ya Omani inamtia hatiani anayevuka wadi inayotiririka na kuhatarisha maisha, yake au ya wengine, na wapo wanaoiona kuwa ukali wa dola juu ya jambo la binafsi. Wanasahau waliokaa viti vya nyuma. Wanasahau pia askari wa ulinzi wa raia atakayefungwa kamba kiunoni aingie katika maji yaleyale kumtafuta. Anayebaki humkopa mwokoaji bila kumwuliza, na akiba anayoikopa ni uhai wa mtoto wa watu. Anaweza kusema hakuomba aokolewe. Kauli hiyo haimtoi deni, kwa kuwa anajua, kama kila mtu ajuavyo, kwamba watakuja.

Hata hivyo, kabla ya kumhukumu anayebaki, ni lazima kuuliza nani kweli alichagua. Wanafunzi wa Samad al-Shan hawakuchagua. Mzee asiyeweza kutembea huondoka kama kuna wa kumbeba. Mfanyakazi kutoka Asia anayelala shambani katikati ya mitende, asiyesoma Kiarabu wala asiye na gari, hupata onyo kama bwana wake amemkumbuka. Kimbunga Shaheen kilipofika Oktoba 2021, miongoni mwa waliokufa walikuwa wafanyakazi wawili wa Kiasia walioangukiwa na kilima katika makazi yao kwenye eneo la viwanda la Rusayl, Maskati. Kwa watu hawa swali la haki ya kubaki halijafika bado. Haki waliyoikosa ni ile ya kuondoka, na deni lake liko juu ya wale waliokuwa na funguo, magari na lugha.

Mji kama Al Mintirib una hazina ya kulifikiria jambo hili bila kuazima. Uhai wa Bidiyah umejengwa juu ya falaji, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi mbali na mji na kuyagawa kwa zamu, athari moja ikiwa takriban nusu saa. Mwenye shamba la juu hayazuii maji kwa kuwa yamepita kwake kwanza. Mwenye shamba la chini hutoa sehemu yake ya kusafisha mfereji ingawa uchafu umeanzia mbali. Wakili wa falaji huangalia hesabu, na ugomvi huamuliwa kabla ya kiangazi kuuma. Kanuni iliyomo ndani ya utaratibu huo ni kwamba kupitiwa na kitu kwanza huleta wajibu kwa walio chini. Maji ya falaji ni neema, na maji ya wadi yakifurika ni balaa, lakini mkondo ni wa namna moja. Anayeyaona maji mlimani ameshapewa amana ya walioko bondeni. Simu yake huenda kasi kuliko mafuriko. Akinyamaza, amezuia zamu isiyo yake.

Na kama vile zamu za falaji hazipangwi siku ya kiu, uamuzi wa kuondoka haupangwi siku ya gharika. Nani atambeba bibi, nani atapita mashambani kuwaamsha vibarua na kwa lugha gani, shule itafungwa kwa neno la nani, dereva atakayekataa kuvuka atalindwa vipi asipoteze kazi: haya yote yana majibu wadi ikiwa kavu, na maji yakishafika hakuna wa kuyajibu. Hapo ndipo methali inaporudi mahali pake. Siku ya msiba, mbele ya mfiwa, ajali haina kinga ni neno la huruma, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Siku ya kiangazi, katika kikao cha wanaume na wanawake wanaopanga, halina kazi. Watakaolitamka hapo wangeulizwa kwa upole kwa nini wazee wao walijenga ngome na nyumba zao mahali palipoinuka kuliko wadi.