Kazi Iliyotupwa Pipani

Mwaka 2014, katika mashindano ya waokaji wa nyumbani yaitwayo The Great British Bake Off, yaliyoonyeshwa na televisheni ya Uingereza, mshindani mmoja alikuta aiskrimu ya keki yake haikuganda. Kwa hasira akaitupa kazi yote, akawapelekea waamuzi pipa la taka. Akatolewa mashindanoni.

Wengi walimtetea, wakisema kuwa mwenziwe ndiye aliyeitoa aiskrimu ile katika jokofu. Huenda alionewa. Lakini je, kuonewa kwampa mtu ruhusa ya kuitupa kazi yake? Hasha! Mama akiunguza wali, hupakua ulio mzima, na watoto wakala. Kazi yenye kasoro yaweza kuonjwa, kusahihishwa, hata kusamehewa. Iliyotupwa haina wa kuitetea. Ndugu wasomaji, tuilete mezani kazi yetu jinsi ilivyo.